Mashine ya Nyasi ya Miaka Ishirini

Kabla tununue mashine ya kukalia, mzee wangu, baba watoto, alikuwa anakata nyasi yetu na mashine ya kusukuma, na kabla ya hiyo alikuwa anakata na slasha. Ekari tatu. Majirani zetu hapa upande wa Runyenjes walimcheka mpaka wakachoka. Mtu anang'oa kahawa ya babake, anapanda nyasi, na ng'ombe yuko nayo moja tu. Walikuwa wakipita kwa barabara wanamwuliza kama siku hizi ni yeye anakula hiyo nyasi. Yeye anawajibu wangoje, siku watoto wao watafunga harusi watakuja kumwomba uwanja. Na walikuja. Harusi, semina za kanisa, mikutano ya akina mama, zote zikawa zinafanyiwa kwetu, na yeye siku hizo anasimama pembeni na kofia yake akiangalia viatu vya wageni vikikanyaga nyasi, akiwa na furaha kama yeye ndiye bwana harusi.

Alikuwa fundi wa mitambo kwa kiwanda cha majani chai miaka mingi. Alikuwa anaweza kusikia lori likipanda kilima na kuniambia ni nini inaharibika ndani yake. Mwili wake mwenyewe ndio hakuusikiza.

Alianza kusimama katikati ya kazi. Anasukuma mashine hatua kumi, anasimama, anajifanya anaangalia mawingu. Miguu ikaanza kufura jioni. Mito ya kulalia ikawa mitatu, kwa sababu akilala chini pumzi inakataa. Nikampeleka hospitali huko Embu, na mzee akiwa bado anavaa shati daktari akaniita pembeni. Akaniambia moyo umepanuka na umechoka, dawa zitasaidia lakini hazitarudisha. Nikauliza ni muda gani. Akasema inaweza kufika mwaka, inaweza isifike.

Nikamwambia, "Daktari, usimwambie. Nitamwambia mimi."

Na nilikuwa namaanisha. Nilitaka kwanza niombe, nifunge siku tatu, halafu nimkalishe chini. Siku tatu zikaisha nikaongeza zingine. Kile nilimwambia ni nusu tu, ati daktari amekataza asisukume kitu kizito tena. Aliniangalia kidogo.

"Basi tutafute ya kukalia," akasema.

Hapo ndipo tulianza kuchagua mashine, na nikikumbuka sasa, hizo wiki zilikuwa nzuri. Mimi nilisoma nikiwa mtu mzima, ngumbaru ya jioni pale shule ya msingi, watoto wakiwa wameshakula, na kusoma kwangu bado ni kwa kidole. Mzee alikuwa anakuja na makaratasi ya maduka, yale yenye picha, na ananiambia nimsomee. Yeye anajua kusoma kunishinda mbali. Alikuwa anataka tu nisome. Nikifika kwa neno la injini ananifunza maana yake: huu ni mkanda, huu unazungusha visu, hii ni sahani, yaani ile bakuli kubwa ya chuma inafunika visu chini ya tumbo la mashine. Nikikosea ananiambia watu wa Muthara tangu zamani tunajua kusoma miraa tu. Mimi nimezaliwa Muthara, kwa mashamba ya miraa, na huo utani nimekula nao chakula tangu niolewe.

Tulianzia Meru mjini. Huko kulikuwa na duka lina vioo, na mashine yenyewe ilikuwa nyekundu inang'aa, iko hata na mahali pa kuweka chupa ya soda. Muuzaji alikuwa amevaa tai. Alitueleza mambo ya kiti na taa. Mzee akaniambia nimshike kwapa, akapiga magoti pole pole, akagonga ile sahani ya visu na kifundo cha kidole, kama mtu anabisha mlango.

"Hii ni debe," akasema.

Muuzaji akasema ni chuma cha kisasa, chepesi. Mzee akamwuliza kama ameshaona mawe ya kwetu. Kwa sababu ardhi yetu ni ya mteremko inaenda mpaka mtoni, na kila mvua ikinyesha mawe yanatoka juu kama viazi. Sahani kama ile ingetoboka msimu wa kwanza. Tukatoka. Nje akaniambia ile ni mashine ya watu wanakata nyasi wakiwa wamepiga viatu rangi.

Ya pili tuliipata Embu, kwa mama mmoja anauza mashine zilizotumika kutoka ng'ambo. Mama mwenyewe alikuwa mnene, na koti la kazi lina mafuta mpaka kwa kola, na mdomo hauna breki. Alikuwa na mbili. Moja ilikuwa ndogo, bado safi. Ingine ilikuwa kubwa, mbaya, rangi imebanduka, kiti kimeshonwa na waya. Mzee aliizunguka hiyo mbaya mara mbili. Akagonga sahani yake, ikatoa sauti nzito. Akanionyesha chuma cha mbele kinachoshika magurudumu, akaniambia hicho kimemiminwa, si bati limekunjwa. Akanionyesha vile kila gurudumu liko na mahali pake pa kuingizia grisi, kwa sababu mashine ambayo haipakwi grisi imetengenezwa itupwe. Injini ilikuwa ya silinda mbili. Na mkanda, alipousoma namba, akacheka: ulikuwa saizi moja na mkanda wa posho mill ya kusaga mahindi, unapatikana Runyenjes wakati wowote.

Kulikuwa na swali moja aliuliza mara mbili, na mimi nikadhani anapima huyo mama kama anajua kazi yake. Aliuliza kama mwanamke anaweza kubadilisha visu vya hiyo mashine peke yake.

"Mzee, mimi si mwanamke?" mama akamwuliza. "Ama unaona ndevu?"

Akambadilishia kimoja hapo hapo tukiangalia. Mzee akamwuliza sasa itakaa miaka mingapi. Akasema ishirini, ikipata grisi. Halafu akaongeza, kwa mzaha tu, "Mzee, hii itatuzika sisi wote."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, mpaka akakalia gurudumu. Mimi sikucheka. Nilijifanya natafuta leso kwa mfuko.

Aliponyamaza akaniambia labda tuchukue ile ndogo, inatutosha. Nikakataa. Nilikataa na sauti ambayo hata huyo mama aliacha kupangusa mikono. Nikasema tunachukua ya miaka ishirini. Mzee hakujua ni nani nilikuwa naongea naye. Nilikuwa naongea na Mungu. Nilikuwa namwambia, umeona, nimenunua mashine ya mtu wa miaka ishirini, sasa mpe hiyo miaka. Nilijua Mungu hafanyiwi biashara. Lakini niliiweka mbele yake hivyo.

"Sawa," mzee akasema. "Itakufaa."

Pesa yake ilikuwepo, na hiyo si hadithi. Mashine ililetwa na pikap.

Siku ya kwanza alikata kutoka asubuhi mpaka saa sita, ameketi wima, kofia kichwani, na majirani wakasimama kwa ua kumtazama. Mmoja akamwita dereva. Mzee akapita mbele yao akipungia mkono kama anaenda Nairobi. Nilikuwa naangalia kutoka mlango wa jikoni, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa amerudi kuwa mwenye boma.

Alipomaliza nikaona kuna mahali ameruka. Katikati ya uwanja, upande wa juu, palibaki kipande cha nyasi ndefu, upana kama wa kitanda. Nikaenda nikamwonyesha.

"Hapo paache," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Paache tu, mama. Nyasi ya hapo ni nzuri."

Alisema akiangalia usukani. Nikarudi jikoni, na nilipokuwa nakoroga uji, ikaniingia. Kwetu mtu haonyeshi kaburi lake akiwa hai. Haulizwi, hasemi. Kufanya hivyo ni kuliita. Wazee wa ukoo ndio huamua, mtu akishakwenda. Kwa hivyo hakuweza kusema. Alikuwa amechora na mashine.

Alikuwa anajua. Alijua kutoka siku ile ya hospitali, labda kutoka kabla yangu. Na mimi nilikasirika. Nasema ukweli kwa sababu sina haja ya kujipamba. Nilikasirika kama mtu ameibiwa. Asubuhi kabla hajatoka nyumbani nilichukua slasha nikaenda nikakata hicho kipande chote, nikakusanya nyasi nikapea ng'ombe. Alitoka na kikombe cha chai mkononi, akaona. Akakunywa chai yake.

Nyasi ilipomea akakata tena, na akaacha pale pale. Safari hiyo sikugusa. Lakini sikumwuliza pia. Tungeweza kukaa pale kwa ngazi, mimi na yeye, aniambie anaogopa nini, anataka wimbo gani, watoto waambiwe nini. Badala yake tuliongea juu ya grisi. Alinifundisha kupaka. Alinifundisha kubadilisha mafuta, kukaza mkanda, kuinua sahani nikifika kwa mawe. Nikajifanya najifunza ili nimsaidie. Yeye akajifanya ananifunza kwa sababu amechoka siku hiyo. Miezi minne tulifanya hivyo, watu wawili wa kanisa, tukidanganyana vizuri.

Mvua ndefu ilipoanza akalazwa. Siku ya pili ya hospitali nilirudi nyumbani kubadilisha nguo, nikakuta nyasi imepanda, na kile kipande kimekuwa cha kufika kwa magoti, kimesimama peke yake katikati ya uwanja kama kinaningoja. Nikapanda mashine kwa mara ya kwanza nikiwa peke yangu. Nilikata uwanja wote nikiomba kwa sauti juu ya injini. Nilipofika pale nikasema kwa jina la Yesu hapa hakuna mtu atalazwa. Nikapita juu yake. Nikarudi, nikapita tena. Nikakata kwa urefu na kwa upana mpaka kukawa hakuna kitu unaweza kuona, kijani moja tu kutoka nyumba mpaka mtoni. Niliita hiyo imani.

Kesho yake mchana nilimkuta amekalishwa na mito. Akaniuliza kama nyasi imepanda na hii mvua.

"Nimekata," nikasema. "Na mashine. Mimi mwenyewe."

"Umekata yote?"

"Yote."

Aliniangalia. Mimi nilisimamisha uso wangu, nikitaka aone nguvu, apate nguvu. Alichukua mkono wangu akaugeuza, akaangalia mahali usukani ulikuwa umenichubua ngozi.

"Umefanya kazi," akasema.

Akafunga macho, na mimi nikafurahi kwamba amepumzika. Alienda siku iliyofuata, asubuhi, mimi nikiwa kwa lango nikingoja saa ya kuona wagonjwa.

Wazee walikuja na kamba ya kupimia kaburi. Ndugu yake mkubwa alikuwa ameshachagua kule chini kwa ua, karibu na baba yao, na kwa kawaida mimi singekuwa na neno. Lakini nilisema. Nilisema mzee alitaka katikati ya uwanja, upande wa juu. Shemeji hakukasirika. Aliniuliza tu, kwa upole, kama alisema.

Nikamwambia hakusema, alionyesha.

"Wapi hasa?"

Wote wakanifuata. Nilitembea mpaka pale, na nyasi ilikuwa sawa kila mahali. Nilikuwa nimeikata vizuri kama vile alinifunza. Nikaenda kushoto, nikarudi. Nilipiga magoti nikapapasa nikitafuta mahali mashina ni manene, na wazee wakageuza macho kwa heshima, wakidhani ni kilio. Kitu kimoja nilikumbuka ni kwamba alikuwa akifika pale anazima injini anaangalia nyumbani, na mimi nikiwa jikoni kwa meko nilikuwa nikimwona. Nikasimama nikatafuta mlango wa jikoni kwa macho. Nikasema, ni hapa. Shemeji akaniangalia, akaweka kijiti.

Amelala hapo. Harusi bado zinafanyika, hema huwekwa upande wa chini. Mashine inafanya kazi, mimi ndiye naiendesha kila wiki mbili, na visu nimeshabadilisha peke yangu. Nikifika kwake nazima, nang'oa na mkono nyasi ya pembeni ya saruji, halafu nakaa kidogo. Ukikaa hapo, tangi la maji linafunika nusu ya mlango wa jikoni. Ukisogea hatua mbili upande wa mtoni, mlango unaonekana wote, mpaka meko ndani. Nimejaribu mara nyingi. Ni hatua mbili.