Wingu Lililotokea Kongo

Mvua ikinyeshea dagaa walioanikwa, harufu yake hunirudisha darasani mpaka leo.

Asubuhi ile mama alianika dagaa wake mchangani kando ya ziwa, nyuma ya shule. Akaniambia, “Naenda sokoni Gungu. Wingu likitokea ng'ambo, Kongo, kimbia uwaanue. Wakilowa, tumekwisha.”

Darasani mwalimu alichovya kitambaa ndooni, akakichomoa kikichuruzika maji. “Wet.” Tukaitikia. Ruhusa ya kutoka tuliiomba kwa Kiingereza tu. Ukiteleza kwa Kiswahili, fimbo. Mara dirishani wingu likatanda kutoka Kongo, ziwa likageuka jeusi. Kiingereza changu chote kilikuwa lile neno moja. Nilisimama, mkojo umenibana.

“Madam... dagaa... wet.”

Wenzangu waliangua kicheko. Mwalimu akainua fimbo, akachungulia dirishani, akaiangusha.

“Uwii, na mimi nimeanika!” akapiga kelele, akanitangulia mlangoni.