Supu ya Akai Yapelekwa Maabara

Akai wa hapa kijijini Burat ana sufuria ya kutosha watu wa matanga, lakini kwa miaka miwili ameitumia kujipikia yeye peke yake. Zamani tulikuwa tunajaa kwake. Alichemsha mizizi ya mswaki, mti ambao Waturkana wenzake huuita esekon, ndani ya supu ya mbuzi. Ukiumwa na tumbo ulipewa kikombe, pamoja na kukaripiwa kwa kuchelewa kuja. Kisha mumewe, Ewoi, akaugua, akafa akiwa anatibiwa kwa supu hiyo. Mtu mmoja akasema sumu. Lisemwalo lipo, tukasema, na tukamwepuka. Hata mimi Kagendo, ninayepakana naye ua, nilianza kununua dawa dukani. Sijivunii hilo.

Lakini sisi hakutujali sana. Aliyemuuma ni Alice, binti yake wa pekee, anayeuza mitumba mjini Isiolo. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga kwa mama yake.

Basi watafiti wa chuo kikuu walipopita wakikusanya miti ya dawa, Akai aliwapa mizizi kabla hawajamaliza salamu. Walitaka mizizi mikavu tu. Yeye akawabebesha na chupa ya supu.

"Pimeni ile mzee alikunywa," akawaambia.

Baada ya miezi saba karatasi ikaja, nikamsomea mimi, maana yeye hakusoma. Supu ilichacha njiani, ikamwagwa. Kwenye mizizi hawakupata sumu. Maji yake yaliua baadhi ya vijidudu kwenye kisahani cha maabara, ila hayajajaribiwa kwa watu. Akai alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hiyo hiyo akavaa shanga zake zote, akanivuta twende kwa Alice.

Alice aliisoma karatasi akiwa amesimama kati ya nguo zake. Akairudia.

"Mama, mimi sijawahi sema ulimpea baba sumu."

"Sasa mbona hukuji?"

"Nilikuomba tumpeleke hospitali. Siku tatu nilikuomba. Wewe ukasema tungoje, dawa itashika."

Mimi nilijifanya nachagua sweta. Akai aliichukua karatasi akaitazama juu mpaka chini, yeye asiyejua herufi hata moja.

"Niliogopa," akasema mwishowe. "Huko wangemlaza. Ningebaki peke yangu kwa nyumba."

 Alice alitusindikiza mpaka kwenye lami, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa, akarudi kwa biashara yake. 

Jioni niliona aibu kukaa kwangu. Nikachukua kikombe, nikabisha hodi kwake.

"Nini inakuuma?" akaniuliza bila kufungua mlango wote.

"Hakuna. Nimekuja tu tunywe pamoja."

"Rudi kwako, Kagendo," akasema. "Leo sijapika."