Ubavu wa Kulia

Nilikuwa mpishi wa bwana mmoja Mzungu mwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha, na nilikuwa mtu wa mzaha. Mzaha ndio ulioniponza, sitamsingizia mtu.

Mwaka huo bwana na mkewe walikwenda likizo kwao Ulaya wakati wa baridi, wakanichukua, maana bibi alikuwa hapendi chakula cha mpishi mwingine. Nilivimba kichwa. Mama yangu, kule Kibuta, alinifungia visheti kwenye kitambaa na kunisihi niandike. Nikawa naandika kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, na dada yangu akimsomea.

Huko nilikuta mambo. Watu wazima na akili zao wanafunga mbao ndefu miguuni, wanapanda mlima wa theluji, kisha wanateremka kwa kuteleza ili wapande tena. Siku nyingine tulizunguka makanisa na majumba ya picha, mimi nimebeba makoti. Katika kanisa moja palikuwa na sanamu ya mama amempakata mwanawe, maiti, mtu mzima mwenye ndevu. Bibi alisimama pale akalia. Mimi nilikuwa na njaa, nikawa natazama mlango.

Siku moja wakanifunga na mimi zile mbao. Sikufika mbali. Nilianguka, viatu vikafyatuka, theluji ikanifunika mpaka shingoni. Kwa kuwa watu walikuwa wakicheka, nikaona niwachekeshe zaidi: nikalala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, nikafumba macho kama niliyelala nyumbani kwetu. Wakasimama wanne wameinamisha vichwa kunitazama, na bwana akapiga picha.

Picha ilipotoka niliituma kwa mama. Bibi aliandika nyuma yake maneno mawili matatu ya Kiingereza. Mimi sikuandika kitu. Nilisema moyoni kwamba picha inatosha, mama atacheka mwenyewe. Wala sikuandika tena baada ya hapo, kwa kuwa safari ya kurudi ilikuwa karibu, ingawa ilikuja kuchelewa miezi.

Nilipofika Kibuta, dada yangu aliniona njiani akaketi chini palepale. Baadaye ndipo aliponieleza. Mama aliitazama ile picha muda mrefu: nyeupe kama sanda mpaka shingoni, macho yamefumbwa, watu wamesimama juu yangu. Dada alitaka kuipeleka kwa karani asome yale maneno ya nyuma. Mama akakataa, akasema maiti ya mwanawe haiwezi kuzungushwa maofisini.

"Mungu awalipe," alisema. "Hata huko ugenini wamemlaza ubavu wa kulia."

Matanga yakakaliwa. Hitima ikasomwa. Nguo zangu zikatolewa sadaka, na nilizikuta barabarani zimevaliwa na watu. Mama aliacha kula vizuri, kisha akaanza kusahau, na macho yakaingia ukungu.

Nilimkuta uani amekaa mkekani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umetukuta na msiba, mwanangu amefia Ulaya."

Nilimwambia ni mimi. Nilimshika mkono nikauweka usoni pangu, nikamtajia visheti, nikamtajia kovu la goti. Alinipapasa kwa upole, akasema nafanana naye sana, Mungu amweke mama yangu. Kisha akamwambia dada amletee mgeni maji ya kunawa. Nililia mbele yake kama mtoto, naye akanibembeleza, akidhani namlilia mwanawe.

Sikurudi tena shambani kwa bwana. Nilikaa na mama, mgeni asiyeondoka. Kila Alhamisi baada ya alasiri aliwaombea wafu wake, na mimi nilikuwa wa kwanza. Alitaja jina langu na la baba yangu, akamwomba Mungu anipanulie kaburi.

"Itikia, mgeni," alikuwa akiniambia.

Nikaitikia amina, miaka miwili, mpaka siku niliyoshuka kaburini kumpokea, nikamlaza ubavu wake wa kulia.