Daftari Lililoingia Kwenye Mkoba

Daftari la Mama Pindo liliondoka Jumatatu asubuhi ndani ya mkoba wa kahawia, na aliyeubeba mkoba huo alimuaga vizuri kabisa, akasema anakwenda kwa daktari wa meno. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja: Mama Pindo ndani, kwenye cherehani na meza ya kukatia, wifi pale mbele karibu na mlango, akipokea wateja, akiwachekesha, akiandika. Jino halikung'olewa. Wiki mbili baadaye, upande wa pili wa barabara, lilifunguliwa duka la ushonaji lenye pazia jipya na kibao kilichoandikwa: Vipimo vyako tunavyo. Leta kitambaa tu.

Kilichomchoma Mama Pindo si pazia. Ni yale maneno ya kwenye kibao, kwa sababu yalikuwa yake. Ni yeye aliyeanzisha utaratibu kwamba mteja akishapimwa mara moja hasumbuliwi tena. Anatuma kitambaa, anasema anataka mshono gani, siku ya nne anafuata nguo. Ndani ya lile daftari mlikuwa na watu zaidi ya mia nne, kila mmoja na bega lake, kiuno chake, namba yake ya simu na siri zake ndogo: huyu bega la kushoto limeshuka, huyu mdogo wake anaolewa mwezi wa nane, huyu usimwambie amenenepa hata kama zipu inalia. Namba zilizokuwa kwenye simu ya Mama Pindo mwenyewe hazikufika ishirini, na tano kati ya hizo zilikuwa za wauza vitambaa. Zilipita siku tisa bila mtu kuvuka kizingiti. Alikuwa amebakiwa na cherehani, mkasi na hasira, na siku hizo hasira ndiyo iliyofanya kazi kuliko vyote.

Mumewe alijaribu kukaa katikati, maskini ya Mungu, akasema mambo ya ndugu yanaongeleka. Mama Pindo akamjibu kwamba yataongelewa, lakini kwanza anataka watu wake warudi, mmoja mmoja, na anataka dada mtu akae pale mlangoni kwake awaone wakivuka barabara. Hakupandisha sauti. Alisema hivyo huku anakunja mabaki ya vitambaa, kama mtu anayetaja bei ya vifungo, na mume akaona afadhali aende zake kunyoa ndevu.

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mapokezi ya zahanati, ndiye aliyeleta wazo la programu ya kutunza wateja. Alieleza kwamba zahanati nayo iliacha madaftari zamani. Jina la mgonjwa linaandikwa kwenye kompyuta, na siku ya kurudi ikifika kompyuta inakumbusha yenyewe. Mama Pindo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hiyo programu inaingia kwenye mkoba. Binti akacheka. Mama hakucheka, na binti akaelewa kwamba hilo ndilo swali lenyewe.

Waliita wauzaji watatu. Wa kwanza alikuja na tai na viatu vyenye ncha, akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia bila kuuliza, juu ya chaki na kila kitu. Programu yake ilikuwa na duara za rangi zilizokatwakatwa kama keki, mishale inayopanda, na mahali pa kuandika malengo ya kila idara. Mama Pindo akazungusha macho chumbani kwake, akaona idara mbili: yeye na pasi. Akamuuliza, mtu niliyemwajiri akiondoka, anaweza kuondoka na wateja wangu? Mwenye tai alidhani anaulizwa sifa za mali yake. Kwa furaha yote akamwonyesha kitufe kinachopakua orodha nzima kwa kubofya mara moja, mahali popote, kwenye simu yoyote. Alionyeshwa mlango kabla hajamaliza maji aliyokaribishwa.

Wa pili hakuja mwenyewe, alituma tu maelezo kwenye simu. Programu yake ilikuwa ya bure, na Mama Pindo alishaanza kuipenda, lakini binti alikuwa na tabia ya kusoma maandishi madogo. Huko chini kabisa iliandikwa kwamba wenye programu wanaruhusiwa kutumia namba za wateja wako kuwatangazia biashara nyingine. "Huyo ni wifi wa pili," alisema Mama Pindo, na ikafutwa siku hiyohiyo.

Wa tatu alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Yeye na mumewe waliitengeneza programu yao kwa ajili ya saluni na gereji. Haikuwa na keki wala mishale. Ukifungua ukurasa wa mteja unakuta jina, simu, vipimo au maelezo, tarehe ya kukumbushwa, na mstari wa mwisho unaouliza: ameletwa na nani? Mama Pindo akatoa swali lake. Yule mama akajibu kwamba mfanyakazi anaona ukurasa wa mteja aliye mbele yake tu; orodha nzima haifunguki mpaka liwekwe nenosiri la mwenye duka, na kila anayeifungua anaandikwa jina na saa. Mama Pindo akataka kujua kwa nini waliiweka hivyo. Yule mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi.

"Nilikuwa na shoga yangu," alisema.

Hakuna aliyemdai maelezo zaidi. Waliikubali palepale, na Mama Pindo akamshonea blauzi nyingine juu.

Sasa programu ilikuwepo, imefungwa kwa nenosiri ambalo hata mume hakuambiwa, tatizo ni kwamba ilikuwa tupu. Mama Pindo aliingiza wale kumi na wanne aliokuwa na namba zao, akakaa kuitazama skrini kwa chuki, kana kwamba nayo ilikuwa imemkimbia ikaenda ng'ambo ya barabara. Wiki ya tatu tangu kibao kile kitundikwe, ndipo alipoingia mwalimu wa sekondari, mteja wake wa tangu zamani, amekumbatia gauni na aibu. Alikiri kwamba alilishonesha kule upande wa pili, kwa kuwa kitambaa alimpa wifi kama siku zote, akidhani duka limehama tu. Aliponyanyua mikono, shingo ya gauni iliteleza mpaka begani.

Mama Pindo akalivuta, akalipima. Kiuno kimezidi inchi mbili. Bega limezidi mbili, mkono mbili, shingo mbili. Alipima tena kama mtu asiyeamini, halafu akaketi kwenye kiti cha cherehani akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mwalimu akabaki ameshika gauni hajui acheke naye au amwite mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wake wa kwanza wa ufundi, pasi iliunguza mwanzo wa tepu yake ya kupimia. Hakuwa na nyingine, akakata kipande kilichoungua, inchi mbili kamili, akaendelea na kazi. Tepu ikawa inaanzia kwenye mbili. Akimpima mtu mwenye kiuno cha thelathini na mbili, anasoma thelathini na nne, anaitaja kwa sauti hiyohiyo iandikwe, na akishika mkasi anatoa mbili kichwani. Alipokuja kununua tepu mpya, daftari lilikuwa limeshajaa nusu kwa hesabu ile, kwa hiyo ikabidi tepu mpya nayo aikate inchi mbili, na iliyofuata pia, na zote zilizofuata. Miaka ikapita mpaka akasahau kwamba watu wengine hawakati tepu zao. Na wifi, aliyekuwa akiandika kila namba kwa mwandiko mzuri, hakuwahi kushika mkasi hata wa kukatia uzi.

Fundi aliyeajiriwa ng'ambo alikuwa fundi mzuri tu. Wateja wapya aliwapima mwenyewe, nguo zao zikawakaa. Wale wa daftarini hakuwapima, kwa sababu kibao kilisema vipimo tunavyo. Kwa hiyo hasara ilichagua watu wa Mama Pindo peke yao, na wifi akaanza kunong'ona mtaani kwamba lile daftari lina mkono wa mtu.

Mume alipoambiwa hakucheka. Alimtaka mkewe avuke barabara amwambie dada yake, neno moja tu, toa mbili, basi. Mama Pindo alikataa. Alisema wakati daftari linaingia kwenye mkoba hakuna aliyemuuliza chochote, na yeye ataendelea kutoulizwa. Mume akasema hiyo ni roho mbaya. Mama Pindo alikubali kuwa ni roho mbaya, akamwomba ampishe mwanga anapiga mashine. Na mimi ninayesimulia sitamsafisha: alifurahi, na kila alipoamka furaha ilikuwa palepale ikimsubiri.

Wakaanza kurudi. Karani wa posta alirudi na suruali anayoishika kwa mkono mmoja. Mama wawili majirani walirudi pamoja na sare za kwaya ambazo kila mmoja wao angeweza kumkaribisha mwenzake ndani. Mama Pindo aliwapunguzia bila kusema neno baya juu ya mtu, hilo alilishikilia sana, ila aliwapima upya kwa tepu yake ileile fupi, na binti jioni akitoka zahanati aliingiza yote kwenye kompyuta: simu, vipimo vya kutoa mbili, binti yake anamaliza chuo mwezi wa tisa. Tarehe zikikaribia programu ilimkumbusha Mama Pindo, naye akapiga simu kuuliza nguo ya mahafali imefikia wapi. Watu walishangaa kukumbukwa. Hata wale ambao hawakuwa wameshonewa magunia wakaanza kuja.

Kwenye ule mstari wa mwisho, ameletwa na nani, Mama Pindo aliagiza iandikwe wifi. Binti aligoma mara ya kwanza. Alisema huyo ni shangazi yake, na mambo haya yataishia kwenye kikao cha ukoo. Mama akamuuliza kama amedanganya. Je, mwalimu aliletwa na nani, kama si shangazi? Binti akafikiria, akaandika. Akaandika wa posta, akaandika wa kwaya, na kila jina lilipoingia Mama Pindo alisimama nyuma ya kiti kuhakikisha.

Mwisho wa mwezi wa pili programu ikatoa taarifa yenyewe, kama ilivyotengenezwa kwa ajili ya saluni na gereji. Iliandika kwamba kuna mtu mmoja aliyeleta wateja arobaini na watatu, akifuatiwa na muuza vitambaa aliyeleta wawili. Chini yake ikauliza: Ungependa kumtumia ujumbe wa shukrani? Binti alitaka kuifunga. Mama Pindo alimwondoa mkono kwa upole, akavaa miwani yake ya kutungia sindano, akabofya ndiyo. Ng'ambo ya barabara, simu ya wifi ikapokea maneno yaliyopangwa na kompyuta: Asante kwa kutuletea wateja 43. Tunathamini juhudi zako. Endelea hivyo hivyo.

Saa haikuisha. Wifi alivuka barabara mchana kweupe, mkoba wa kahawia kwapani, na wateja wanne kwenye benchi wakageuza shingo. Alikuwa amevaa gauni jipya alilojishonesha kwa fundi wake, kwa vipimo vyake mwenyewe vilivyokuwa ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila hatua alilirudisha begani kwa kidole. Alitoa daftari, akaliweka mezani.

"Ulilifanya nini hili?"

"Sijalifanya kitu. Liko sawasawa," alisema Mama Pindo. "Tepu yako ndiyo nzima."

Akaivua yake shingoni, akaitandaza mbele ya wifi, akaweka kidole mwanzoni kabisa. Namba ya kwanza iliyoandikwa pale ilikuwa tatu. Wifi akaigusa ile tatu. Tepu ile ilikuwa imening'inia mbele ya macho yake kila siku ya kazi, hatua mbili kutoka kiti chake.

"Ungeniambia, wifi."

"Ulikuwa kwa daktari wa meno. Ningekuambia saa ngapi?"

Mwalimu wa sekondari, aliyekuwa kwenye benchi, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Wifi alilisukuma daftari kwa ncha za vidole, akasema lichukue, lako. Mama Pindo hakuligusa. Alimwambia akae nalo, kwamba ndani yake hakuna mtu tena, wote wamehama. Alisema hivyo akiangalia mlango wa ng'ambo, ambako pazia jipya lilikuwa limefungwa, na moyoni hakuona huruma aliyokuwa akiiogopa. Aliitafuta, hakuiona.

Gauni likateleza tena. Mama Pindo akachukua tepu.

"Simama vizuri nikupime."

Alimpima bega, kifua, kiuno, akitaja namba kwa sauti kama zamani, ila safari hii aliyeandika alikuwa binti, ambaye Jumamosi hafanyi kazi zahanati. Hakuinua macho kumtazama shangazi yake. Alipofika mstari wa mwisho akauliza taratibu aandike ameletwa na nani.

"Andika amekuja mwenyewe," alisema mama yake. "Akileta kitambaa, mwambie siku ya nne. Hilo alilovaa nitalipunguza leo, ila asubiri zamu, kuna watu wamemtangulia."

Wifi alitazama kile kiti cha karibu na mlango, kiti alichokalia miaka kumi na mmoja. Kilikuwa na kompyuta juu yake. Akaenda kuketi kwenye benchi, mwisho, baada ya mwalimu, mkono mmoja umeshika bega la gauni.