Siku Tisa za Adhiambo Nje ya Darasa

Harufu ya magadi yakimwagwa juu ya mrenda unaochemka hunirudisha Kibera hata kama sitaki. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Kisumu Ndogo, katika ploti ya vyumba kumi vya udongo na mabati vilivyotazamana, na katikati ujia uliotosha mtu mmoja na ndoo yake. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu huko Kilimani. Siku alizokosa kibarua alirudi mapema, akatoa jiko nje, akabandika sufuria, na kabla mboga haijaiva Mama Adhiambo wa mlango wa pili alikuwa ameshaleta kiti chake. Yeye alikaanga mandazi alfajiri akayauza kwa wapita njia, kwa hivyo mchana alikuwa huru. Kwao, upande wa ziwa, mrenda huitwa apoth. Kwetu Bungoma ni murere. Walibishana kila mara ni kabila gani linalojua kuupika, na kila mara waliupika vile vile, wakaula na ugali kutoka sahani moja, vidole vikivuta nyuzi ndefu za kijani ambazo sisi watoto tulizichekelea. Mama aliamini kwamba mtu mwenye mawazo hufungwa koo, na kwamba anayefungwa koo asipewe nyama wala maharagwe, apewe kitu kinachoteleza. Mwaka ule tulikula mrenda mara nyingi sana.

Mawazo yao yalihusu nasari. Ilikuwa Desemba, na Januari mdogo wangu Nekesa na Adhiambo, mtoto wa pekee wa jirani yetu, wangeanza kusoma. Wote walikuwa na miaka minne. Mama aliogopa choo cha shimo cha ile nasari, ambacho mianya kati ya mbao zake ilikuwa mipana kuliko mguu wa mtoto. Aliogopa pia kwamba Nekesa, ambaye alikojoa kitandani mara moja moja, angechekwa na wenzake hadi akatae kurudi. Mama Adhiambo hakuwa na orodha kama hiyo. Alikuwa akimega ugali, anaufinyanga mkononi muda mrefu hadi unapoa, kisha anasema, "Mama Nafula, huyu wangu sijui atafanya aje huko." Mama naye alimjibu, "Atazoea tu. Kula." Sikumbuki wakiendelea zaidi ya hapo mbele yangu.

Adhiambo alikuwa mtoto mwenye macho makubwa yaliyokufuata ukiongea, yakishuka mdomoni mwako na kukaa hapo. Hakusema neno lililoeleweka. Aliguna, alicheka kwa sauti ya juu iliyowashtua watu, na alipotaka kitu alikushika mkono akakupeleka. Watu wa ploti walisema ni mvivu wa kuongea. Wengine walisema alilishwa yai kabla ya kuota meno. Mama yake alisema ni mpole, na kwa kuwa mimi nilimpenda Mama Adhiambo karibu kama nilivyompenda mama, niliamini kwamba upole ndivyo ulivyo.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na nasari ilikuwa njiani kuelekea shuleni kwetu, katika ukumbi wa kanisa wa mabati ng'ambo ya reli. Kwa hivyo iliamuliwa kwamba nitawapeleka wote wawili asubuhi na kuwachukua mchana nikija kula. Siku ya kwanza Mama Adhiambo alitusindikiza hadi mwisho wa ujia. Alikuwa amemsuka Adhiambo mistari iliyobana hadi nyusi zikapanda, na kumpaka mafuta hadi magotini. Aliinama akaniambia, "Nafula, kwenye reli usimwachilie mkono." Tulipopiga hatua chache akaniita tena. "Nafula! Nimesema kwenye reli?" Nikamjibu, "Ndiyo, anti." Mama alikuwa amesimama kando yake akiangalia chini. Kuhusu Nekesa, mwanawe mwenyewe, hakuniambia lolote juu ya reli.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Nekesa alilia siku mbili, kisha akaanza kurudi na nyimbo. Adhiambo hakulia hata kidogo. Aliingia darasani kama mtu aliyekuwa akingojewa, akaketi mbele, na nilipochungulia mlangoni nilimwona akifungua na kufunga mdomo pamoja na wengine, akipiga makofi nusu sekunde baada yao. Jioni Mama Adhiambo alimuuliza Nekesa leo wamesoma nini, Nekesa akaimba, na yule mama akacheka huku akimwangalia binti yake kana kwamba ndiye aliyeimba.

Jumatatu ya wiki ya pili Mwalimu Jerusa alinisimamisha mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mchovu, mwenye watoto wengi kuliko viti. Hakuongea kwa ubaya. "Huyu mkubwa wa macho ni wa nani? Mwambie mama yake aje tuongee. Huyu mtoto hasikii. Nimepiga sufuria nyuma yake, hajageuka. Asimlete tena mpaka aje mwenyewe. Mimi siwezi, nikigeuka ubaoni kidogo sijui ako wapi." Nilimtazama Adhiambo. Alikuwa amenishika sketi, akiutazama mdomo wa mwalimu na kutabasamu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo tayari kinywani. Lakini mama alikosa kibarua siku hiyo, na nilipofika nikamkuta yeye na jirani yetu wameketi nje, sufuria katikati, wakicheka hadi Mama Adhiambo anajifuta machozi kwa pindo la leso. Aliponiona alinyoosha mkono akamvuta binti yake mapajani. "Mwalimu amesema nini?" Sijawahi kusahau jinsi uso wake ulivyokuwa, umefunguka wote. Nikasema, "Amesema ako sawa." Mama aliinua macho akaniangalia kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akanipakulia.

Kesho yake sikujua nifanye nini naye. Nilimpeleka kama kawaida, Nekesa akaingia, na Adhiambo nikamketisha nje kwenye jiwe pembeni mwa ukuta, karibu na mama aliyewapikia watoto uji. Yule mama nilimdanganya kwamba anangoja kuchukuliwa. Kwa mikono nilimwonyesha Adhiambo akae hapo hapo. Alikaa. Alikaa siku tisa. Mwalimu alipokuja mlangoni alimwona, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Labda alifikiri mama yake yuko njiani, labda hakuwa na nguvu ya kumfukuza. Mabati ya ukumbi yalikuwa na tundu la msumari, na kila mchana nilimkuta ameweka jicho hapo, paji la uso likiwa na mstari wa kutu. Nekesa nilimtisha kwamba akisema nitamnyima uji wangu. Jioni niliendelea kusema ako sawa, anasoma, mwalimu anampenda. Uongo ule ulizidi kuwa mtamu kadiri nilivyousema, na Mama Adhiambo alinipa andazi la bure kila asubuhi, nami nililila.

Siku ya tisa Adhiambo alichoka kungoja. Niliyajua yaliyotokea kutoka kwa watu. Aliinuka kwenye jiwe, akaifuata njia ya nyumbani peke yake, akafika relini saa ambayo treni ya mizigo inapita. Dereva alipiga honi. Watu wote walitoka kwenye njia, kama tunavyotoka siku zote, bila haraka, na yeye akaendelea kutembea katikati akichezea kamba ya begi lake. Mwanamke aliyekuwa akiuza sukuma wiki kando ya reli aliacha kisu chake, akamrukia, akamvuta kwa gauni. Walianguka pamoja kwenye kokoto. Adhiambo alichanika kidevu na mkono wake wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko. Yule mwanamke alimbeba hadi kwetu akiwa analia kuliko mtoto, akiwaambia watu wote njiani, "Huyu mtoto hasikii! Nani anaachilia mtoto hasikii kwenye reli?"

Mchana nililikuta jiwe tupu, na nilipofika nyumbani na Nekesa ploti nzima ilikuwa imesimama kwenye ujia. Adhiambo alikuwa amepelekwa zahanati kufungwa mkono. Mama alikuwa amerudi, sijui nani alimwita. Aliniuliza mara moja tu, nikasema yote: mwalimu, sufuria, jiwe, siku tisa. Nilijikunja nikingojea kofi. Mama aliketi kitandani, hakunigusa.

Jioni Mama Adhiambo aliingia bila kubisha hodi. Nililia kabla hajafungua mdomo. "Anti, nisamehe, mwalimu alisema hasikii, mimi sikutaka ujue."

"Nilijua," akasema. Aliketi chini, mgongo ukutani. "Tangu ile homa ya mwaka juzi najua. Mama yako pia anajua. Tuliambiana tunyamaze. Nilitaka tu akae na wenzake, hata wiki moja, kabla wamfukuze." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, Mama Nafula. Ulijua mtoto wako anadanganya?"

"Niliona," mama alisema. "Nilifikiri mwalimu amekubali kunyamaza na sisi. Ulikuwa unacheka. Sikutaka kuuliza."

Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa afadhali wangegombana. Mama Adhiambo aliinuka, akasema asante, asante ya nini sijui, akaenda kwake. Baada ya hapo mama aliendelea kutoa jiko nje, na kiti cha jirani hakikuja. Alimpelekea sahani iliyofunikwa, nayo ilirudishwa imeoshwa, na shukrani za adabu. Kabla ya Pasaka walihama. Kaka yake Mama Adhiambo alikuwa akiishi Kawangware, sehemu ya Kabiro, na mtu alikuwa amemwambia kwamba upande wa Riruta kuna darasa la watoto viziwi.

Tuliwatembelea Jumapili moja, mama na mimi, baada ya kanisa, tukitembea kwa miguu na mrenda ndani ya mfuko. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Tulipokaribia tuliona vidole vinne vikitokeza chini ya mlango, vikikuna udongo. Jirani alituambia mama yake ameenda kuuza, atarudi. Tulimngoja saa mbili, tumechutama pale, mama ameshika vile vidole, navyo vikimshika. Mama Adhiambo aliporudi alifungua mlango bila kututazama machoni. Kwenye lile darasa walimwambia nafasi hakuna, aandike jina, angoje. Alipika ile mboga. Tulikula, naye akaacha zaidi ya nusu ya sehemu yake. Adhiambo alikaa mapajani mwangu muda wote, mkono wake ukiwa umeunga vibaya, umepinda kidogo, akinitazama mdomo. Sikuwa na la kumwambia ambalo lingefika.

Tulipokwenda mara ya pili tulikuta watu wengine mle ndani. Mwenye ploti, mama mmoja mzee wa hapo hapo Kabiro, alisema tu, "Hao walienda kwao ushago. Hawakusema wanarudi." Mama alimuuliza kwao wapi, kijiji gani. Hakujua. Mama pia hakujua. Miaka minne ya kula sahani moja, na hakuwahi kuuliza kijiji. Hatukuwaona tena. Sijui kama Adhiambo alijifunza kusoma, au kama yu hai.

Leo ninaishi Kawangware mwenyewe, si kwa kuchagua, ni kwa sababu hapa ndipo nilipopata chumba na meza ya kushonea. Mwanangu Baraka ana miaka minne. Mara tatu mwaka huu ameanguka, macho yakapanda juu, mwili ukakakamaa, na daktari ametaja jina la ugonjwa ambalo watu hapa hulisema kwa kunong'ona: kifafa. Mwezi uliopita nilimwandikisha nasari. Shule ina geti, ina fomu, na fomu ina swali: je, mtoto ana hali yoyote ambayo shule inapaswa kujua? Niliandika hakuna. Sikuwaza hata kidogo, mkono uliandika wenyewe. Siku hiyo hiyo niliingizwa kwenye kundi la simu la wazazi, kina mama zaidi ya thelathini, wakiulizana juu ya soksi na matunda ya saa nne, wakifarijiana kwa picha za chakula walichofunga. Nilisoma yote. Hakuna hata mmoja kati yao ninayeweza kumwambia ukweli, na hakuna aliyewahi kukaa mlangoni kwangu. Mama Adhiambo alikuwa na mtu wa kunyamaza naye. Mimi nilinyamaza peke yangu, usiku mmoja, na asubuhi nikarudi shuleni nikawaambia.

Mwalimu mkuu alinisikiliza kwa upole sana. Alisema watajadiliana, kisha watanipigia. Nilimpigia mama, ambaye bado yuko Kibera na magoti yake hayamruhusu tena kufua.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Sisi tungesema siku ya kwanza, wangemkataa siku hiyo hiyo," alisema. "Lakini hangekuwa kwenye reli."

Hii ni wiki ya tatu na shule haijapiga. Hawajanitoa kwenye kundi la wazazi, kwa hivyo kila siku saa nne naona picha za watoto wengine wakila. Baraka ananiuliza kama kesho ndiyo siku yake, namwambia bado kidogo. Mchana kutwa anacheza chini ya meza ya cherehani, na mimi nashona nikiwa nimemwekea mguu wangu mgongoni, ili akianguka nijue.