Komera, usiachie

Admin, ondoa jina langu kabla ya kuposti, maana mtu ninayemtaja anaishi huku kwetu na anaheshimika. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Gihundwe, Rwanda. Nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, wazazi wetu wakiwa wakimbizi Wanyarwanda.

Vita ya Kongo ilipofika kwetu tulikimbia kwa miguu kuja huku Cyangugu. Mama alikuwa mgonjwa. Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alimbeba mgongoni hadi mikono ikamkatalia. Akamlaza kando ya njia apumzike kidogo. Mama hakuamka.

Tulipopata nyumba, yaya alianza kunyanyua vyuma. Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza. Alijaza saruji kwenye kopo la rangi, akachomeka mkono wa nondo. Leo vitu hivyo vinauzwa madukani kwa jina la kettlebell. Sisi tuliita kopo tu. Vijana waliorudi kama sisi walikuja uani, naye aliwafundisha bila haraka kulirusha, yaani kulibembeza kwa mikono miwili kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua. Mgongo unyooke. Nguvu itoke kwenye nyonga, si mabegani. Viganja vikauke, na mtu asisimame mbele ya anayerusha. Zaidi ya yote, kopo likikushinda, liachie na uruke nyuma.

"Saruji ikipasuka tutachanganya ingine," alikuwa anasema. "Mugongo yako nitaichanganya na nini?"

Kwa Kinyarwanda tunamtia mtu moyo kwa kumwambia komera, uwe imara. Aliyefiwa pia tunamwambia hivyo. Komereka ni kuumia. Yaya alitania kwamba kati ya maneno hayo mawili huwezi kupitisha hata kidole.

Rafiki yake mmoja, nimwite Papa D, alipenda kuwapigia wenzake kelele. Siku moja yaya alikuja uani ametoka kubeba magunia mpakani, amechoka. Alirusha kopo, nikaona mgongo wake unapinda. Akataka kuliachia. Papa D akacheka: "Komera! Usiachie! Ama utaliachia sawa vile uliachia maman yako?"

Yaya hakuliachia. Lilimvuta, akajipinda nalo, akaanguka. Tangu hapo anatembea kwa magongo.

Papa D alilia kuliko sisi. Kwa miaka alimbeba yaya mgongoni kumpeleka kwenye matibabu. Yaya akamsamehe, akaniita mimi mdogo wake: "Leki yangu, ile neno usiirudilie kwa muntu. Tuseme ni magunia." Nikaahidi. Watoto wetu wote wanajua ni magunia.

Sasa Papa D ana ukumbi wa mazoezi, na binti yangu anajifunza kwake. Wiki iliyopita alirudi ameshika kiuno.

"Kama ulichoka, kwa nini hukuachia?" nikamuuliza.

"Kochi hataki, papa. Anasema kuachia ni ya batu ba woga."

Nilimweleza habari za mgongo na nyonga, akanicheka na kunitajia yaya, baba yake mkubwa. "Yeye alifundishwa na tonton mwenyewe. Wewe unaogopa hata ndoo ya maji!"

Nilimwendea Papa D. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. "Usiogope, mzee," akasema. "Hivi ni vyuma vya kweli. Si yale makopo yetu." Nikaelewa kwamba miaka yote hii analilaumu kopo.

Basi nikamwomba yaya anifungue kwenye ile ahadi. Aliyatazama magongo yake.

"Yule alinibeba," akasema. "Mimi najua kubeba muntu ni nini. Ambia mutoto aachie. Yangu muiache."

Lakini mtoto nimeshamwambia, na hasikii. Kinachoweza kumzuia ni ile sentensi ya Papa D, nayo si yangu kuitoa. Jumamosi anarudi ukumbini, kiuno kikiwa bado kinamuuma. Nikisema, ninamvua yaya msamaha alioutoa mwenyewe. Nikinyamaza, nitakuwa nimesimama uani tena, naona mgongo unapinda. Ninyi mnaosoma, nishaurini kabla ya Jumamosi: nani nimwachie?