Felisia na diski nzito za mteremkoni

Saa nne asubuhi, Guangzhou. Felisia Mrema ameinamia kaunta ya kioo katika duka la vipuri vya baiskeli. Analaza diski ya breki juu ya kioo na kuibonyeza ukingoni kwa kidole. Diski inacheza. Anaisukuma kando, anachukua nyingine.

"Ikicheza hapa dukani, kule mlimani itakuwaje?" anauliza.

Laoban, yaani mwenye duka, ameshatoa boksi la diski nyembamba, zilizotobolewa kama chujio la chai. Anaiambia simu yake, nayo simu inatafsiri: "Hizi nyepesi. Mzigo wako utakuwa rahisi."

Wala hakosei. Wateja wake kutoka Afrika Mashariki ndio waliomzoesha hivyo, maana mzigo wa ndege hulipiwa kwa kilo, na wafanyabiashara wetu huku hupima kila kitu kiganjani kwanza, iwe kiatu, iwe sufuria.

Felisia naye alikuwa hivyo hivyo. Alianza na jinzi za Shahe, soko la nguo la hapa hapa Guangzhou, na alipogeukia vipuri vya baiskeli za milimani akaja na tabia yake. Mwaka jana alichagua diski nyepesi kuliko zote dukani. Alijiona mjanja kweli.

Mdogo wake, Abednego, huongoza watalii kwa baiskeli kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alifunga diski hizo. Katikati ya mteremko mrefu zikapata moto, zikapinda, breki ikagoma kushika. Kona ikawa inamjia. Akajitupa kwenye migomba, akavunjika bega.

"Mtalii wa nyuma yake alisimama salama. Ni Mungu tu," anasema Felisia. "Mimi usingizi uliniisha tangu siku ile. Nikifumba macho naiona ile kona."

Hakumficha mdogo wake kitu. Alimpigia simu, akamweleza alivyozichagua. Abednego akacheka: "Dada, safari hii nunua nzito. Nitafunga za kwako tu."

Maneno hayo ndiyo yanayomtia hofu zaidi. Angegombezwa, angalau angepumua.

Leo anataka zilizo nene, tena kubwa, za milimita 180. Fundi wao wa Moshi amethibitisha kwamba zitaingia. Kila moja anaipima unene kwa kalipa, anailaza kwenye kioo, anaibonyeza. Laoban amekata tamaa naye, anakunywa chai.

Rashid, wakala wa mizigo kutoka Tanga, anaingia, ananyanyua boksi na kuguna. "Dada Felisia, unasafirisha diski au nanga?"

"Wewe pima tu. Kilo nitalipa." Anacheka.

"Hapa napima kila kitu isipokuwa lile joto la mteremkoni," anasema Felisia, Rashid akishatoka. "Naogopa. Sioni aibu kusema."

Kwa hiyo amejipangia. Boksi litasafiri na mizigo ya Rashid, ila diski mbili atazibeba mwenyewe kwenye begi. Akifika Moshi atazifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, ambayo hajaigusa tangu ajali ile, kisha atashuka mteremko ule ule peke yake. Abednego hajaambiwa.

"Nikifika chini, atafunga za kwake," anasema. "Nisipofika, mzigo wote utupwe."